Bado ya Bwana Mpimaji

Mwaka ule mvua ilikata kabla mtama haujatoa suke, na kama kuna anayedai ameona ukame mbaya kuliko huo, muulize alikuwa anakula nini. Bwawa liligeuka tope, tope likageuka vumbi, na viboko wakahama bila kuaga mtu. Katika nchi nzima ya wanyama kilibaki kitu kimoja tu cha kutegemea, nacho ni shamba la mihogo lililokuwa nyuma ya kichuguu kikubwa.

Shamba hilo lilikuwa la wote. Walilipanda wakati mvua bado ipo, wakaapa kwamba njaa ikiingia hakuna atakayemla mwenzake. Wote wangesubiri mihogo ikomae, waichimbe siku moja na kugawana. Simba naye aliapa. Ndiyo, Simba, mfalme, mwenye manyoya ya shingoni na meno yote yale, alikuwa akingojea muhogo. Usicheke. Mwenyewe alisema anaungojea kwa ajili ya umoja.

Kusema walilipanda pamoja ni kusema tu. Simba alihutubia. Fisi alilinda chakula cha wakulima, na chakula hicho hakikuonekana tena. Sungura alisema mgongo unamuuma, akakaa kivulini kuhesabu matuta. Aliyelima ni Bi Ngiri, ambaye wengi walimwita Mama Tope kwa jina la kitindamimba wake. Matuta mia tatu na ushee aliyainua yeye kwa pua na meno, akiwa amepiga magoti ya mbele kama ngiri wote wafanyavyo wakichimba.

Simba alipomwona katika hali ile alifurahi mno.

"Mnamwona?" aliwaambia wenzake. "Hata akiwa kazini hasahau heshima. Nikitokea tu, magoti chini!"

Bi Ngiri hakumsikia. Alikuwa na udongo hadi masikioni.

Miezi ikapita. Wanyama walianza na kisamvu, wakachuma jani baada ya jani hadi miti ya mihogo ikabaki fito tupu. Mwezi wa kumi ulipoandama, watoto wa swala walikuwa hawachezi tena, na Kanga, ambaye tangu azaliwe hajawahi kunyamaza, alianza kunyamaza. Lakini aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote ni Bi Ngiri. Maziwa yake yalikuwa yamekauka. Tope, yule mdogo, alilala kutwa nzima pangoni bila hata kufukuza nzi usoni; mama akimsukuma kwa pua anafungua jicho moja, kisha analifumba. Bi Ngiri alijua kwamba mihogo isipochimbwa upesi, mtoto yule hataionja.

Basi akaenda barazani kwa Simba.

"Mtukufu, mihogo imekomaa," alisema. "Tuchimbe."

"Umejuaje?" Simba akauliza.

"Nimeangalia chini. Muhogo ukinenepa unasukuma udongo, tuta linapasuka nyufa kuzunguka shina. Ukiona ufa unapiga magoti, unaingiza mkono, unapapasa. Ukikuta umejaa unavunja mmoja. Ukikatika kwa mlio, na ndani ni mweupe na mkavu, basi. Hakuna siri nyingine."

Simba alijikuna kidevu. Katika maelezo yale kulikuwa na neno moja ambalo hakulipenda, nalo ni magoti.

Hapo Sungura akainuka kutoka nyuma, akayanyoosha masikio yake.

"Mtukufu, naomba nisaidie kidogo. Mama Tope ni mchapakazi, hakuna anayebisha. Lakini kukomaa kwa muhogo ni elimu. Kuna urefu wa fito, kuna upande wa upepo, kuna mlio wa ndani ya shina. Na mbegu hii, kwa ninavyoifahamu mimi, ni ya miezi kumi na minane. Ukiichimba kabla, unaua watu. Muhogo mchanga una sumu."

"Sumu!" wakasema wote.

"Sisemi msimwamini Mama Tope. Nauliza tu, mfalme wa nchi nzima atapigaje magoti kutazama nyufa, kama fuko?"

Jambo hilo likaishia hapo. Kabla jua halijazama, Sungura alikuwa amepewa cheo cha Mpimaji Mkuu wa Mihogo, Fisi amekuwa Mlinzi wa Lango na Mwonjaji, na shamba limezungushiwa uzio wa miiba. Bi Ngiri naye hakusahauliwa, alipewa pongezi.

Sasa kuna jambo ambalo baraza hawakulijua, na mimi sitakuficha. Wakati wa kupanda, katika vipando alivyoleta Nungunungu kulichanganyika kumi na viwili vya mbegu chungu. Mbegu ile haikuwa na habari ya miezi. Ungeingoja mwaka, ungeingoja miaka, ingebaki chungu vilevile. Ilitaka kumenywa, kulowekwa, kuanikwa na kutwangwa, na baada ya hapo ilitoa ugali mzuri tu. Lakini aliyeila mbichi alianguka. Majani yalipokuwepo ilijulikana kwa vikonyo vyake vyekundu. Sungura aliyajua hayo. Siku moja, kisamvu hakijaisha, alizunguka shambani akafunga fundo la nyasi kwenye kila mti wenye vikonyo vyekundu. Majani yalipokwisha, fito zote zikafanana, na mwenye kuzitofautisha akabaki mwenye mafundo.

Kila baada ya siku saba Mpimaji alifanya kipimo hadharani. Alikuja na kamba, akapima fito kwa urefu, akaipima tena kutoka juu kwenda chini. Akalamba kidole akakiinua hewani. Akaweka sikio kwenye shina, akabisha hodi kwa kucha, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari anayetaka familia ijiandae. Kisha akang'oa mti wenye fundo, akachagua muhogo mnene na kumkabidhi Fisi.

Fisi aliutafuna wote, na maganda, na udongo. Akalamba kiganja.

"Mchungu," alisema. "Lakini si mbaya."

Muda si mrefu macho yakamgeuka. Akaanza kutembea akiinua miguu juu juu, kama anavuka mto usiokuwepo, akatapika mara tatu, akaanguka chali mbele ya mfalme. Sungura akainua kidole kimoja.

"Bado," alisema.

"Bado," wakaitikia wanyama, wakarudi makwao na njaa zao.

Siku saba zilizofuata ikawa vilevile. Mara ya tatu Kanga alimwonea Fisi huruma.

"Bwana Fisi, kaka yangu, leo pumzika. Aonje mwingine."

"Aonje nani?" Fisi akaruka. "Labda wa leo ndio mtamu! Halafu nikuachie wewe?"

Akala. Akavuka ule mto wake. Akaanguka. Sungura akasema bado, na safari hii wengine hawakuwa hata na nguvu ya kuitikia.

Bi Ngiri hakurudi nyumbani siku ile. Alitembea polepole kando ya uzio akichungulia ndani kati ya miiba, na alichokiona kilimshangaza. Nyufa alizoziona kwa macho yake zilikuwa zimetoweka. Matuta ya safu za mbele yalikuwa laini, yamesawazishwa kama ukuta uliopigwa lipu, ilhali tone la mvua halikuwa limeanguka. Akaingiza pua kwenye upenyo mmoja na kuvuta hewa. Akaitoa haraka.

Akarudi barazani mbio.

"Mtukufu, nyufa zimezibwa. Ardhi imepasuka kila mahali, hata hapa ulipokaa. Iweje shambani tu iwe imepona?"

Simba akamtazama Sungura.

"Zimejifunga zenyewe," Sungura alisema bila kupepesa. "Ni dalili ya uchanga wa muhogo."

"Zinanuka mkojo!" Bi Ngiri akasema.

Baraza zima likacheka, pamoja na wale ambao walikuwa hawajacheka miezi mitatu. Sungura aliwaacha wacheke washibe, maana kicheko ndicho pekee walichopata kushiba siku ile, kisha akasema kwa upole, "Mtukufu, mimi ninapima kwa elimu. Mama Tope anapima kwa mkojo. Sawa. Lakini amejuaje harufu ya ndani ya shamba kama haingii? Huenda sasa tukamfahamu anayechokonoachokonoa matuta yetu."

"Mimi?" Bi Ngiri akasema. "Mimi niliyeyalima?"

"Mwenye kuzoea kuchimba, mama, haachi," Sungura akajibu.

Simba akanguruma kuonyesha kwamba ameamua. "Kuanzia leo, atakayeonekana amepiga magoti ndani ya shamba la mihogo ni mwizi, na kiapo chetu hakitamlinda." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Isipokuwa kama mimi ndiye ninayepita."

Bi Ngiri alitoka pale na uchungu wake. Alifika pangoni akamkuta Tope amelala vilevile alivyomwacha. Siku tano baadaye, jioni, zikaja habari kwamba mtoto mmoja wa swala amefariki. Alikuwa rika moja na Tope.

Asubuhi yake Tope hakufungua hata lile jicho moja. Bi Ngiri akamlamba uso, akamfunika kwa majani makavu, akaenda kujilaza nyuma ya uzio wa miiba. Hakujua anatafuta nini. Alijua tu kwamba akikaa nyumbani atamtazama mwanawe akifa.

Mchana ulipokuwa mkali na kila mnyama amejificha jua, Fisi alikuwa anakoroma langoni, kichwa bado kinamuuma kwa kazi ya kuonja. Sungura akamruka, akaingia. Mgongo ule uliokuwa unauma wakati wa kilimo ulikuwa umepona vizuri sana. Alikwenda moja kwa moja safu ya saba, akafukua tuta kwa ubavuni, akakata muhogo mmoja mnene na mwingine tena, akaacha vile vijizizi vyembamba ili fito isianguke. Akarudisha udongo. Kisha, nisamehe msomaji, akageuka, akalowesha pale mahali kwa maji yake mwenyewe, na kwa nyayo za nyuma akasawazisha taratibu hadi ufa ukapotea.

Mwizi wa kawaida angekula mbichi akashukuru. Huyu alikuwa amefika hatua ya kuchovya. Nyuma ya kichuguu alificha kibuyu cha asali, akawa anamenya muhogo, anaukata vipande, anachovya, anafumba macho, anatafuna.

"Ikifika safu ya mwisho nitasema ni mafuko," alijiambia. "Mafuko hawana wa kuwatetea."

Hasira zilimpanda Bi Ngiri hadi mkia ukasimama wima. Alitaka kuuvunja uzio na kumkung'uta palepale. Lakini angefanya nini baadaye? Sungura angekimbia, Fisi angeamka, na yeye ndiye angekutwa ndani ya shamba. Akajizuia, akaendelea kutazama. Ndipo alipomwona Sungura, akiondoka, anafika kwenye tuta linalofuata, anaona fundo la nyasi kwenye fito yake, analiruka na kulipita kwa mbali. Alifanya hivyo tena safu iliyofuata. Kila penye fundo hakugusa. Bi Ngiri akakumbuka vile vipando vya Nungunungu, na ile harufu kali aliyoisikia siku ya kupanda alipokuwa akivitumbukiza ardhini kimoja kimoja. Akaelewa kila kitu, mpaka na mto wa Fisi.

Akainua macho. Upande wa mashariki yalikuwa yameanza kukusanyika mawingu. Mnyama mwingine angeshangilia, lakini yeye moyo ulimlipuka. Mihogo iliyokaa kiangazi chote, mvua ya kwanza ikiigusa, hukurupuka kuchipua. Unga wote unapanda juu kulisha majani mapya, na chini kunabaki maji na nyuzi. Wangechimba kamba. Muda wa kuchimba ulikuwa ni wiki hiyo, na wala si nyingine.

Kipimo cha nne kilikuwa kesho yake alasiri. Asubuhi Bi Ngiri alikwenda langoni, akamvuka Fisi aliyekuwa amelala akiota, akaingia shambani. Hakupiga magoti. Amri ilikataza magoti. Kuhusu kusimama haikusema kitu. Akiwa amesimama wima kwa miguu yote minne, alifungua kwa midomo fundo la kwanza, akalifunga kwenye fito ya jirani. Akafungua la pili. Yote tisa yaliyobaki aliyahamisha hivyo, na lile la safu ya saba, kwenye tuta ambalo Sungura alikuwa amefikia, alilihamisha kwa uangalifu zaidi. Akatoka kama alivyoingia.

Mchana Sungura akafika na kibuyu chake. Tuta lililofuata halikuwa na fundo. Alikata muhogo, mnene kuliko wa jana, na kwa kuwa alasiri ilikuwa na kazi nzito ya kuweka sikio kwenye shina, akaamua kuchovya mara mbili mbili. Alihisi ukakasi kidogo kooni. Akaongeza asali.

Alasiri wanyama wote walikusanyika, wale walioweza kutembea. Bi Ngiri alikuja amembeba Tope mgongoni, kichwa kikining'inia. Sungura alipima fito. Alilamba kidole, akakiinua hewani, na kidole kikamchezacheza kidogo. Akaweka sikio kwenye shina, akasahau kulitoa.

"Bwana Mpimaji?" Simba akaita.

"Nasikiliza, Mtukufu. Linasema... linasema jambo." Akajisukuma, akang'oa mti wenye fundo, akampa Fisi muhogo.

Fisi alifumba macho, tayari kwa safari yake. Akauma. Ulikatika kwa mlio hadi nyuma kabisa wakausikia. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akafungua macho.

"Vipi?" Kanga akauliza. "Unaanguka?"

Fisi akatafuna tena. Alimaliza wote, akalamba kiganja, akalamba na ardhi palipoanguka vipande. Wanyama walisubiri. Mto haukuja.

"Bado," Sungura akasema, akiwa ameshika fito ili asiyumbe. "Mmeona wenyewe. Bado."

"Kama hii ndiyo bado," Fisi akasema, "naomba bado nyingine!"

Na bila kungoja ruhusa akajirusha kwenye tuta lililofuata, akavuta fito kwa meno. Ikatoka nyepesi, naye akaenda chali. Akavuta nyingine, nayo ikatoka vilevile. Chini hakukuwa na muhogo. Kulikuwa na vijizizi na visiki vilivyokatwa kwa meno.

"Mafuko!" Sungura akapiga kelele, ingawa sauti ilimtoka nyembamba. "Ni mafuko, Mtukufu! Na huyu Mama Tope anashirikiana nao!"

Kelele zikazuka. Bi Ngiri akamlaza mwanawe chini, akamkabili Simba.

"Mtukufu, usiniamini mimi. Usimwamini na yeye. Piga magoti utazame mwenyewe."

Kanga alifunika macho ya vifaranga wake kwa mbawa. Simba alitazama juu, akatazama kushoto, akatazama kulia, na popote alipotazama alikuta macho. Angeweza kukataa. Lakini harufu ya muhogo mbichi alioutafuna Fisi ilikuwa bado hewani, na tumbo la mfalme likanguruma kabla ya mfalme mwenyewe. Akashusha goti moja. Akashusha la pili.

Akiwa kule chini aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kutoka juu: matuta ya nyuma yote yalikuwa na nyufa kuzunguka mashina, na ya mbele yote yalikuwa yamesawazishwa. Akachagua tuta moja laini, akapitisha kiganja kwenye udongo. Kikazama hadi kiwikoni bila kugusa kitu. Akapapasa huku na huku, akakitoa, akakisogeza puani, akanusa. Akafumba macho kwa muda.

"Hii ni nini?" aliuliza polepole.

"Ndiyo ile dalili ya uchanga, Mtukufu," Bi Ngiri akajibu.

Safari hii hakuna aliyecheka, maana Sungura alikuwa ameanza kutembea. Aliinua miguu juu juu. Alivuka mto, akarudi, akauvuka tena. Kisha akashika tumbo, na mbele ya baraza zima akatapika vipande vyeupe, vingi, vilivyokatwa vizuri, vimepakwa kitu kinachong'aa. Nyuki wawili wakaja kuangalia.

"Bwana Mpimaji," Simba akasema, "hicho kilichotoka ni nini?"

"Ni kipimo, Mtukufu," Sungura akasema kwa shida. "Kipimo cha ndani."

Fisi alisogea, akanusa, na uso ukamkunjamana kwa uchungu wa kweli, uchungu ambao hata sumu haikuwahi kumpa.

"Kuna asali!" akalia. "Jamani, yeye alikuwa anakula kwa asali! Mimi napewa kavu!"

Simba alitaka kuvunja kiapo palepale, na kusema kweli wengi walimgeuzia mgongo ili asione aibu kukivunja. Mama wa yule mtoto wa swala hakugeuka. Yeye alitaka kuona. Lakini Bi Ngiri alikuwa tayari amepiga magoti kwenye safu ya nane, anachimba, na alizungumza bila kuinua kichwa.

"Mtukufu, imebaki mihogo michungu ya kumenya, kuloweka, kuanika na kutwanga, na ni kazi ya wiki nzima. Tukimla huyu, nani ataifanya? Na ikishatwangwa, unga aonje yeye kwanza, kwa kuwa ana elimu."

Ikawa hivyo. Wanyama wakaingia shambani wote kwa pamoja na kuchimba, kila mmoja kwa magoti, kwa pua, kwa kucha, kwa mdomo. Safu saba nzima zilikuwa fito zilizosimama juu ya mashimo, na mgao ukawa mdogo kuliko walivyotarajia. Lakini ile iliyobaki ilikuwa imekomaa kweli, mieupe, mikavu, inayokatika kwa mlio. Muhogo wa kwanza alioupata Bi Ngiri aliutafuna hadi ukawa laini, akautema mdomoni mwa Tope. Kwa muda mrefu mtoto hakufanya kitu. Kisha koo likatikisika. Kisha akafungua jicho moja, na hakulifumba. Bi Ngiri alilia bila kujificha, machozi yakichanganyika na udongo.

Mvua ilinyesha siku ya nne, mihogo ikiwa imeshatoka yote ardhini.

Simba, kama unavyomjua, alitangaza kwamba njia ya kutambua muhogo uliokomaa kwa kupiga magoti ameigundua yeye, na kila mwaka hutoa hotuba ndefu kuhusu jambo hilo. Wanyama humpigia makofi. Lakini akimwona Bi Ngiri yuko chini kwa magoti, siku hizi hasemi tena kwamba ni heshima. Husogea karibu na kuuliza kwa sauti ndogo, "Umeona nini?"

Na Sungura? Alipona. Alimenya, akaloweka, akaanika, akatwanga, akaonja unga. Siku ya kupika akatokea nyumbani kwa Mama Tope ameshika sahani, masikio yamelala kwa adabu.

"Hodi, shemeji. Harufu nzuri. Ugali umeiva?"

Bi Ngiri alifunua chungu, akatazama ndani, akafunika.

"Bado."

Sungura akakaa. Wengine wakaja, wakapakuliwa, wakala, wakaaga. Akauliza tena.

"Bado," Bi Ngiri akasema, akichochea moto.

Sungura akamgeukia Tope, aliyekuwa ameketi karibu na jiko, mashavu yamemjaa, tumbo limetangulia mbele. "Mwanangu, hebu niambie wewe. Kweli bado?"

Tope akameza kwanza, kama alivyofundishwa.

"Bado, mjomba," akasema, akanyoosha mkono kuchukua tonge lingine.

Nami nimemaliza, kwa hiyo nikuage kwa neno moja la kuondoka nalo. Siku mtu mwenye cheo atakapokuambia bado, usihangaike kuuliza ni lini. Mtazame kwanza tumbo lake.